Matundu Kumi na Manne ya Boti

Jumatatu, 4 Machi

Daftari, nisamehe. Mara ya mwisho kukuandikia nilikuwa na mimba ya miezi minane, nikaahidi kuandika kila siku. Aliyekuwa tumboni sasa ana meno mawili na ameshatafuna kona ya jalada lako. Ndiyo sababu ya kuchelewa, na ndiyo sababu ya hizo alama.

Habari ya leo imeniacha mdomo wazi. Nesi mkuu wa kliniki ya ng'ambo ya mto anatafuta boti ya kuvusha manesi na masanduku ya chanjo, siku tatu kwa wiki, mwaka mzima. Boti tunayo. Iko uani, imekalia matairi tangu Baba Mtoto aende kazini mbali. Kuiendesha najua. Nilimjibu ndiyo kabla hajafika mwisho wa sentensi.

Mkaguzi wa vyombo vya majini anakuja Jumamosi. Akiipitisha, kazi ni yangu. Asipoipitisha, Shemeji anaichukua abebee mchanga. Si vitisho, ni makubaliano. Baba Mtoto alimwambia mdogo wake kwa simu kwamba boti isiozee uani, atakayeiweka sawa ndiye aitumie. Leo Shemeji alipita akaipima kwa hatua zake, taratibu, kama mtu anayechagua kitanda dukani.

Nilipanda kuikagua. Reli ya chuma wanayoshikia abiria inacheza. Nikachukua bisibisi nikaze skrubu. Ikazunguka. Ikazidi kuzunguka. Nikaivuta kwa vidole, ikatoka kama jino la mtoto wa miaka sita. Ya pili vivyo hivyo. Zote kumi na nne. Matundu yamelegea, hayashiki kitu.

Nimekaa juu ya sitaha muda mrefu, skrubu zote ziko mapajani. Mwanangu mgongoni anacheka. Mtu mmoja kati yetu lazima afurahi.

Jumanne, 5 Machi

Mpango umepatikana. Anayejua matundu ni Fundi Boti. Shida ni kwamba kila asubuhi yeye na Shemeji wanakunywa kahawa benchi moja. Kinachoingia sikioni mwa mmoja hutokea kwa mwingine. Kwa hiyo boti sitaitaja. Nitasema mlango.

Nilipita karakanani kwake kama mtu anayekwenda kununua sabuni. Nikauliza, bila haraka, mtu afanyeje skrubu za bawaba zikilegea mlangoni. Fundi akafurahi sana. Akasema mama, hilo dogo. Toa skrubu, jaza tundu njiti za kiberiti zilizopakwa gundi ya mbao, acha zikauke, kata zilizobaki nje, rudisha skrubu. Basi.

Nilishangaa kweli. Miaka yote mafundi wanatuonyesha sura ya watu wenye siri nzito, kumbe siri yenyewe ni kiberiti.

Nilipogeuka niondoke akauliza ni mlango upi. Nikasema wa stoo. Akasema wa kwa mama mkwe wako? Yule mama alimfundisha kusoma, kesho asubuhi atakuja kuutengeneza mwenyewe. Nilitaka kukataa, lakini alishageukia kazi yake.

Mlango wa stoo ni mzima. Haujawahi kusumbua tangu ulipowekwa.

Jumatano, 6 Machi

Nimeamka mapema kwenda kuharibu mlango.

Si kazi rahisi kama mtu anavyodhani. Skrubu zilikuwa zimeshika kwa uaminifu. Nilizitoa nane, nikachokonoa kila tundu kwa msumari, nikazirudisha zikiwa legelege. Nikaingia ndani kumnyonyesha mtoto, roho imetulia. Hapo mama mkwe akaenda kuchukua mkaa.

Mlango haukufunguka. Ulilala. Ulianguka chali mbele yake na kishindo kilichowatoa kuku wote uani. Nilitoka mbio nimemkumbatia mtoto, nikijua nimeua mtu. Mama mkwe alikuwa amesimama wima. Akaukanyaga mlango kama mkeka, akaingia, akachukua mkaa wake, akatoka juu ya mlango uleule. Hakuniuliza neno. Alinitazama tu. Ningependa zaidi aniulize.

Fundi akaja. Akainama, akagusa matundu kwa kidole, akasema maishani mwake hajaona skrubu zikilegea na kuacha mikwaruzo mibichi namna hii. Mwizi? Nikasema ni mtoto, anapenda kuchezea vitu. Wote wawili tukamtazama mtoto. Alikuwa anajaribu kukaa bila kuegemezwa, akaanguka ubavu.

Fundi alifanya kazi nzuri mno. Nami nilitazama kila hatua kwa macho makavu.

Akiondoka alisimama kando ya boti, akaipapasa ubavuni kwa upendo. Akaanza kusema kwamba sitaha za aina hii zina tabia yake, na kwamba matundu ya skrubu, mtu asipoangalia...  Ameshtukia! Nikamkatiza, nikamwambia chai inapoa. Akaja kunywa. Nimeponea chupuchupu.

Alhamisi, 7 Machi

Mtoto kalala saa mbili asubuhi. Nikapanda na gundi ya mbao na paketi nzima ya viberiti.

Matundu manne ya kwanza yalikwenda kama mlango. La tano, nilipochokonoa, likatoa maji. Maji meusi, uani, juu ya matairi, kwenye boti ambayo haijagusa mto tangu mwaka jana. Nilirudi nyuma nikakaa kwa kishindo. Nikaingiza msumari, ukatoka na kitu laini kama mkate uliolowekwa kwenye chai. Nikanusa. Sirudii tena.

Nilifikiri sana. Mlango haukuwa na maji. Lakini mlango haujawahi kukaa mtoni, kwa hiyo ni kawaida. Nikafuta kwa nepi safi, nikaongeza njiti. Tundu la tano lilimeza njiti ishirini na sita. La tisa lilimeza thelathini na moja, na ukitega sikio unazisikia zikidondoka huko ndani.

Saa sita kuhesabu skrubu, ziko kumi na tatu. Mtoto kaamka, yuko pembeni yangu, anatafuna kitu. Nilimfungua mdomo. Ni kipande cha jalada lako. Lakini ya kumi na nne iko wapi? Nikamkagua mdomo tena, nikamtikisa kidogo, nikamsikiliza tumbo. Akadhani ni mchezo.

Jioni mama mkwe kakosa kiberiti cha kuwashia jiko. Kila kisanduku alichofungua kilikuwa kitupu. Alinitazama tena vilevile.

Ijumaa, 8 Machi

Skrubu imepatikana kwenye nywele zangu. Niliichomeka humo mwenyewe mikono ikiwa imejaa. Nimelala nayo. Hii ndiyo hali yangu siku hizi.

Reli imefungwa na imesimama. Nilipaka rangi juu ya kila skrubu. Ukitazama kwa mbali, na ukiwa na mambo mengine ya kufikiria, ni boti mpya. Shemeji alikuja akaisukuma reli kwa vidole viwili. Haikutikisika. Akaniuliza, shemeji yangu, umefanya mwenyewe hii? Nikamwambia mwenyewe na mwanangu. Akajifuta rangi vidoleni akaondoka. Utamu wa kumwona akiondoka siwezi kuuandika.

Nilimpigia dada simu mjini, nikamwambia boti imepita ukaguzi. Habari imetangulia siku moja tu, haina neno. Akapiga vigelegele mpaka sikio likauma. Dada hana siri, kwa hiyo sasa anajua kila mtu.

Mchana mvua kubwa imenyesha. Nimeifurahia, imeosha vumbi kwenye sitaha.

Jumamosi, 9 Machi

Sijui nianzie wapi. 

Mkaguzi ni mtu mpole, mnene, mwenye kalamu tatu mfukoni. Nesi mkuu alikuja naye kushuhudia. Mama mkwe kambeba mtoto. Shemeji kaegemea ukuta. Nilimkaribisha mkaguzi apande. Akashika reli ili ajivute juu.

Reli ikaja naye. Yote. Ilitoka bila kelele, taratibu, na chini yake skrubu kumi na nne zimening'inia, kila moja na kishada cha njiti zilizolowa. Kama reki. Mkaguzi alirudi nyuma hatua tatu, akakaa juu ya tairi, reli ikiwa mapajani. Matundu yakaanza kutoa maji yaliyofanana na uji wa gundi. Njiti zikaelea juu ya sitaha.

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo baya zaidi. Mkaguzi alichukua njiti moja, akaigeuza, akaniuliza kwa adabu kama hiki ni kiberiti. Nikasema ndiyo, baba.

Shemeji akasema basi kesho ataleta watu waibebe. Hapo mama mkwe akafungua mdomo kwa mara ya kwanza tangu Jumatano. Akamuuliza mkaguzi kama sheria inaruhusu kukagua mara ya pili. Inaruhusu. Jumamosi ya tarehe 23. Mama mkwe akamwambia mwanawe aende nyumbani kwake akapumzike, boti haitoki uani kabla ya tarehe hiyo. Kisha akanigeukia, akasema mwanangu, na wewe uache mlango wangu.

Alijua. Toka mwanzo alijua. 

Jumapili, 10 Machi

Fundi Boti kaja mwenyewe, habari imemfikia. Hakuwa na hasira, alikuwa na huzuni kama ya mtu aliyenyimwa chakula. Akasema mama, si ungesema tu ni boti. Sitaha si mlango. Ni magamba mawili membamba ya faiba, juu na chini, na ubao katikati, tundu moja bovu linanywesha ubao wote maji. Unatanua tundu, unakwangua ubao uliooza, unakausha siku kadhaa, unaziba kwa chini ili gundi isidondoke, unajaza gundi ya boti, ikiganda ndipo unatoboa upya kwa skrubu. Hayo ndiyo aliyokuwa akitaka kuniambia Jumatano nilipomkimbiza kwenye chai.

Nikamuuliza, na Shemeji? Akashangaa. Akasema pale kwenye benchi yule huongea tu, yeye hunywa kahawa. Hawajawahi kubadilishana neno la maana.

Kazi ataifanya pamoja nami, drili anayo. Vifaa havipo huku, vitoke mjini, vifike kabla ya Alhamisi. Akasisitiza mara tatu: nimwandikie dada wazi kwamba ni vya boti, ili duka lisimpe vitu vingine.

Nimeitikia mara tatu. Lakini dada anajua boti imepita. Nikisema ni ya boti, kesho mji mzima unacheka. Nimefikiri vizuri nikapata njia safi kabisa. Nitamwambia ni vya kitanda cha mtoto. Barua naanza hivi:

Dada yangu mpendwa, mtoto anakua, kitanda chake kimelegea skrubu. Naomba unitumie kwa basi la Jumatano:

Gundi ngumu ya kuchanganya, kopo kubwa moja, pamoja na kopo lake dogo la kigandishaji.
Unga wa kuifanya nzito, nusu kilo.
Utepe mpana usiopitisha maji, roli mbili.
Msasa namba themanini, karatasi sita.
Skrubu za chuma kisichoshika kutu, inchi mbili, kumi na nne.
Glavu za mpira, jozi tatu.
Viberiti, paketi moja kubwa, hivi ni vya mama mkwe.
Na mwenye duka akiuliza ni kitanda gani kinachohitaji gundi ya kuzuia maji ya mto, mwambie mtoto anakojoa sana.