Msumari wa Tano

Jumatatu, 3 Machi

Nimeamka nikiwa mzungumzaji mkuu. Bado hajui mtu ila mama mkwe, niliyemwambia jana kwa simu. Sikudanganya. Nilitangulia tu.

Mjadala wa mwaka wa idara yetu ni Jumamosi. Mada ni ile ninayolala nayo na kuamka nayo: Wayahudi wa kale na Wakristo wa mwanzo, nani walimhesabu kuwa mwenzao na nani wa nje. Mzungumzaji mkuu ni mmoja. Mkuu wa idara, ambaye sote tunamwita Mama Mkuu, atamtaja Ijumaa. Tunaofikiriwa ni wawili, mimi na Mpima Ardhi.

Mpima Ardhi ni mwenzangu wa ofisi, kabati la vitabu katikati yetu. Si jina la utani tupu. Alikuwa mpima ardhi kweli, akaja kwenye maandiko ya kale na mvi kichwani na rula mfukoni. Kazi yake ni kupima michoro ya masinagogi yaliyofukuliwa, ajue watu wa mataifa, wale wasio Wayahudi, walikaa benchi gani. Anadai mpaka ulikuwepo na unapimika. Mimi nasema mpaka ulikuwa wazi, watu wakiingia na kutoka. Nimeandika kurasa arobaini kuhusu ukarimu wa watu wa kale. Yeye ana kumi na moja, na michoro.

Akishinda nimekwisha. Mama mkwe anakuja Jumamosi kunisikiliza. Miaka minane nimemwoa binti yake, na hadi leo nikifika kwake ananielekeza kwenye kiti cha wageni, kile chenye kitambaa cha kufuma, na maji naletewa kwenye glasi juu ya sinia. Mashemeji zangu wanajichotea jikoni. Jumamosi lazima anione jukwaani, ajue mimi ni mtu na kwangu.

Jumanne, 4 Machi

Siku imeninyookea. Mama Mkuu kaniita ofisini. Kasema mwaka jana alipanda jukwaani mtu aliyekuwa akitafuta ofisi ya vibali, akazungumza saa nzima, na tulimpigia makofi. Hataki yatokee tena. Anataka kanuni ya ukurasa mmoja: nani ni mwanachama halisi wa idara, na ni mwanachama halisi tu atakayekuwa mzungumzaji mkuu. Kanipa mimi niiandike, kwa kuwa mambo ya wa ndani na wa nje ndiyo yangu.

Nikakubali kwa unyenyekevu. Nikatoka nikitembea pembeni ya ukuta ili nisionekane nikicheka.

Kanuni ya kwanza ilinichukua dakika nne. Mwanachama halisi ni aliyesoma humu idarani tangu siku yake ya kwanza chuoni. Mpima Ardhi siku yake ya kwanza alikuwa porini anashika kamba.

Nyumbani nikamsomea mke wangu mada, nipime sauti. Nilipofika kwa wale waliojulikana kama wamchao Mungu akanisimamisha. Akataka kujua ni watu gani. Nikamweleza: watu wa mataifa waliokuja sinagogi, wakachangia, majina yao mengine yakachongwa kwenye mawe ya wafadhili, lakini hawakutahiriwa. Akauliza basi walikuwa ndani au nje. Nikamwambia hapo ndipo wasomi wanapotoana jasho, na kwamba mimi nawaweka ndani bila kusita. Mtu anakuja kila siku, anafanya kazi na wenzake, utamwitaje wa nje?

Akauliza vipi kuhusu Mpima Ardhi.

Nikamwambia hilo ni suala la utawala.

Jumatano, 5 Machi

Nimejipalia makaa, lakini nimeyazima upesi.

Nilimpelekea Mama Mkuu rasimu. Akaisoma, akashusha miwani, akaniuliza kwa upole kama afungashe vitu vyake leo au amalizie wiki. Yeye kasoma chuo kingine. Nilijua, nikasahau. Mbaya zaidi, nikakumbuka kwamba hata mimi mwaka wangu wa kwanza niliandikishwa Idara ya Ufugaji. Mwaka mmoja tu, na kuku tu, lakini faili lipo.

Nikarudi mezani. Mpima Ardhi akachungulia juu ya kabati kuuliza kama nina shida, maana nilikuwa nahema. Akanipa peremende. Nikaipokea, nikaendelea kumwandikia kanuni.

Jibu nililiona wakati wa chai. Chumba cha chai kina ubao ukutani wenye misumari, na kila mtu wa idara ana msumari wake na kikombe chake. Wageni wanatumia glasi. Hakuna aliyewahi kutangaza utaratibu huo, lakini mtu akipewa msumari anajua kapokewa. Msumari wangu ni wa tano. Wa Mpima Ardhi ni wa mwisho kabisa karibu na swichi, una miaka mitatu, na bado unang'aa.

Kanuni mpya basi. Mwanachama halisi ni yule ambaye kikombe chake kimetundikwa kwenye msumari wake kwa miaka isiyopungua kumi na miwili mfululizo. Nikaongeza la pili la kumfungia mlango na dirisha: awe hajawahi kukosa kikao cha idara. Mwaka juzi Mpima Ardhi alikosa viwili, alikwenda kuona machimbo. Nikaongeza la tatu, kwamba mkuu wa idara abaki mkuu hata asipotimiza mawili ya kwanza, ila hatakuwa mzungumzaji. Mama Mkuu akasema hilo linamfaa sana, kwani miguu inamuuma kusimama.

Nimekula vizuri usiku wa leo. Mke wangu kasema naimba sahanini.

Alhamisi, 6 Machi

Kanuni imepita kikaoni kwa sauti moja. Kama kawaida yetu, hakuna aliyeisoma. Watu wanaoweza kubishana miaka thelathini juu ya neno moja kwenye jiwe lililovunjika waliipitisha karatasi yangu wakati biskuti zinazunguka.

Mama wa chai alikuwa akizungusha sahani. Huyu ndiye anayetuandalia chai tangu sijaja. Mrefu, mkimya, anavaa viatu vya raba visivyotoa sauti, unamgundua birika likiwa tayari kwenye bega lako. Alichukua nakala moja ya kanuni iliyobaki. Nilidhani anataka kufunikia sukari.

Mpima Ardhi peke yake aliuliza nani atahakiki. Nikasema kwa moyo mkunjufu kwamba yeye ndiye anafaa, ana mkono wa vipimo. Nilitaka ajikate mwenyewe kwa rula yake. Akashukuru kwa kuaminiwa. Nilisikia haya kidogo, ikapita.

Nimepiga simu kwa mama mkwe, nimemhakikishia kiti cha mbele.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeuvaa mkenge.

Mpima Ardhi kahakiki. Katoa daftari zote za mahudhurio kabatini, kakagua ubao msumari kwa msumari, kachora jedwali safi la kupendeza. Mwenyewe kajitoa mstari wa kwanza bila manung'uniko. Kisha wakaanza kudondoka wengine. Huyu alikosa kikao, alikuwa na harusi. Yule aliumwa jino. Mimi nilidhani nina miaka kumi na mitatu, na ninayo, ila nilipokwenda masomoni miaka miwili msumari wa tano ulitundikwa kikombe cha mwingine. Mfululizo umekatika. Neno mfululizo nililiweka mwenyewe, nikalipigia mstari.

Akabaki mtu mmoja. Msumari wa kwanza, miaka ishirini na sita, hakukosa kikao hata kimoja. Anatia saini daftari kila mara ili ajue amimine vikombe vingapi.

Mama wa chai.

Nikasimama kupinga. Nikasema mzungumzaji lazima awe msomi. Mama Mkuu akaniomba nimwonyeshe hilo limeandikwa wapi. Nikageuza ukurasa. Nyuma palikuwa peupe. Sikuliandika kwa sababu nilidhani linajulikana, na ndivyo watu wa kale walivyotuachia kazi yote hii: waliacha kuandika yaliyokuwa yakijulikana. Hilo nimeling'amua nikiwa nimesimama, na kwa kweli ni hoja nzuri, nimeiingiza ukurasa wa tisa.

Mama wa chai akaulizwa kama yuko tayari. Akajibu kwamba atazungumza, mradi maji yasichemke katikati.

Nimemweleza mke wangu. Alicheka hadi akakaa chini. Nikamwomba amzuie mama yake asije. Akasema mama yake ameshanyoosha nguo tangu juzi, na kwamba kama nina la kumwambia, nimwambie mwenyewe. Sikumpigia.

Jumamosi, 8 Machi

Niandike polepole, maana sijui nianzie kicheko au aibu.

Ukumbi ulijaa. Kwa kufuata kanuni, walimu wote tulipewa beji za MGENI, na chai tulinywea glasi. Vikombe vyetu vilibaki ukutani. Mama mkwe alifika mapema, kwa nguo yake ya bluu. Naye akapewa beji ya MGENI. Nilimfuata mlangoni nikamwambia ukweli kwa mara moja, kama mtu anayeng'oa plasta: sizungumzi, sikuwahi kuchaguliwa, na wa kulaumiwa ni mimi. Akaitazama beji yangu. Akaitazama yake. Akanishika kiwiko tukaenda kuketi. Miaka minane hajawahi kunishika kiwiko.

Mama wa chai alizungumza dakika saba. Alisema kwa miaka ishirini na sita ametusikia tukiuliza nani alikuwa ndani na nani nje, na yeye hakuona ugumu. Anamimina, anahesabu. Kikombe kikibaki kikavu, anauliza mwenyewe yuko wapi. Anayeulizwa ni wetu. Kisha akasema lipo jambo amelivumilia mno, nalo ni vikombe kurudishwa ubaoni bila kuoshwa, hususan cha msumari wa tano, ambacho mwenye kukiosha miaka hii mitatu ni yule bwana wa karibu na swichi, kabla ya kuosha chake.

Watu wote waligeuka kuutafuta msumari wa tano. Mimi pia niligeuka, nisijulikane.

Dakika zilizobaki akampa Mpima Ardhi, akaenda kuangalia birika. Mpima Ardhi akaeleza benchi zake. Alikiri kwamba kwenye mchoro mmoja amepima mara kumi na moja na haoni mpaka, na kwamba kuna mwenzake humu aliyeandika vizuri kuhusu jambo hilo. Akaniita. Nikasoma ukurasa wa tisa, nusu yake. Walipiga makofi. Hayakuwa mengi kama ya yule wa ofisi ya vibali, lakini yalikuwa yangu. Nilishukuru kutoka moyoni. Kile kikombe nilikuwa nadhani kinajitakatisha.

Tukiwa tunatoka nikamwomba mama mkwe radhi. Akasema hana kinyongo. Akasema yeye siku zote amekuwa akishangaa. Kile kiti alinipa siku ya kwanza, kwa heshima. Siku ya pili alitazamia nitainuka mwenyewe niende jikoni kama wenzangu. Nikakaa. Akajisemea labda mkwe wake ndivyo anavyopenda, akaendelea kuniletea sinia, na magoti yake haya. Miaka minane anangoja niinuke.

Nikambebea mkoba hadi kituoni.

Jumapili, 9 Machi

Mchana kwa mama mkwe. Nimeingia moja kwa moja hadi jikoni, nimejichotea maji kwa kikombe cha bati. Mama mkwe akanipisha kwenye ndoo, akanipa vitunguu nimenye. Mashemeji wakanipokea kwa matani, wakanicheka machozi ya vitunguu. Mke wangu kanitazama kwa namna ambayo sijaiona tangu harusi. Furaha yangu haina kipimo. Kesho nitaosha vikombe viwili, changu na cha Mpima Ardhi. Mpaka hauko, na sasa nina ushahidi.

Saa nane akaja mchumba wa shemeji yangu mdogo, kujitambulisha. Fundi wa baiskeli, kijana wa watu, mpole. Mama mkwe akamkaribisha kwenye kiti. Kile kile, chenye kitambaa cha kufuma. Akamletea maji. Kwenye glasi, juu ya sinia.

Nilisimama mlangoni na kisu cha vitunguu. Huyu ana siku moja katika nyumba hii. Hajui hata kwamba mguu wa nyuma wa kushoto unacheza na unatakiwa ukae umeegemea kulia. Mimi kile kiti nakijua miaka minane.

Nimerudi nyumbani mapema, mke wangu kabaki kupiga soga. Nimekaa mezani, karatasi safi. Nampelekea mama mkwe Jumapili ijayo, ukurasa mmoja tu, hautamchosha.

Mgeni halisi ni yule aliyekaa kwenye kiti hicho kwa miaka isiyopungua minane. Nimefikiria sana, na safari hii neno mfululizo sikuliweka.