Utelezi wa Kuazima

Jumatatu, 9 Juni 2025
Nimekasirika kupita kiasi! Nimefika mwaloni kwangu kuosha mchanga wa dhahabu, namkuta binti kainama kijitoni anasugua mawe kwa mswaki. Mawe! Akaniamkia shikamoo. Nikaitikia huku nimeuma meno. Anaitwa Eunice, mtaalamu wa maji. Nani kamwita? Ndaki! Jirani yangu wa bondeni, eti tope la mwalo wangu linawaharisha ng'ombe wake. Mnafiki mkubwa.

Eunice akaeleza kwamba kwenye utelezi wa mawe huishi mwani wadogo mno, dayatomu, wa kuonekana kwa hadubini tu. Wapo wapendao maji safi, wapo wanaovumilia uchafu. Akishawajua wakazi, amejua hali ya maji. Leo kajaribu kidogo tu. Alhamisi anarudi kupima rasmi. Maji yakiwa mabaya sana, kijiji kinafunga mwalo. Mwalo unaolisha watoto wangu! Nifukuzwe na utelezi?

Jumanne, 10 Juni
Nimepata dawa! Hapa Mwakitolyo kila mjanja anajua: mnunuzi akitaka sampuli, unanyunyizia vumbi la dhahabu juu ya mchanga fukara. Basi nami nitatajirisha mawe. Utelezi mwingi, dayatomu wengi, ushindi mkubwa. Kitu gani kigumu hapo? Kijito changu kina utelezi kiduchu, ila nimeona mahali umejaa, kijani, mzito kama mlenda. Lambo la ng'ombe wa Ndaki! Ataniokoa mwenyewe, mshenzi yule.

Jumatano, 11 Juni
Nimebeba mawe kwenye gunia. Nimeteleza. Nimekalia mavi ya ng'ombe. Ndaki akatokea, akanitupia salamu ya Kisukuma, mwangaluka, kwa kebehi, akauliza kama siku hizi dhahabu inapatikana kwenye mavi. Nimemwambia aende zake. Mke wangu, Mama Blessing, kakataa niingie ndani kabla sijaoga. Hata hivyo mawe yamekaa vizuri kijitoni.

Alhamisi, 12 Juni
Eunice kaja. Nimemwonyesha kwa adabu zote mawe ya kuchukua. Kasugua, kashukuru. Mjinga!

Ijumaa, 13 Juni
Nimelaaniwa! Mbele ya kijiji kizima Eunice kasema sampuli yangu imejaa wale wanaoshamiri kwenye mavi na uchafu. Kashangaa sana. Eti wale wa Jumatatu walionyesha maji yanayougua kidogo tu, angenishauri nichimbe shimo la kutulizia tope, basi. Sasa mwenyekiti kafunga mwalo hadi nichimbe shimo na maji yapimwe upya. Ndaki kacheka mpaka kakaa chini.

Nyumbani nimefoka, nikasema maji yangu hayana kasoro. Mama Blessing akaniuliza kama najua maji ninayokunywa hutoka wapi. Kisimani kwa Ndaki! Tangu nifungue mwalo mke wangu hajawahi kuwapa watoto maji ya kijito. Msaliti, ndani ya nyumba yangu mwenyewe! Nimesusa chakula, na njaa inaniuma.

Jumamosi, 14 Juni
Kuchimba shimo? Ng'o! Mimi nichimbie tope shimo? Nimemdodosa Eunice kabla hajaondoka. Kasema akirudi atatazama pia wadudu wanaoishi chini ya mawe. Ahaa! Kumbe kosa langu lilikuwa kuchagua viumbe wasioonekana. Kesho naenda hadi Runzewe, mbali na lambo la Ndaki, kutafuta wadudu wa maji. Wanono.