Mgawo wa Viwanja kwenye Nyota ya Mbali

Ijumaa, 16 Aprili 1999

Redio imesema! Wataalamu wamegundua nyota ya mbali yenye sayari zake. Si moja. Tatu! Zinaizunguka kama sisi tunavyolizunguka jua. Nimeshindwa kumaliza uji. Sayari tatu nzima, na hakuna mpimaji aliyekanyaga wala bikoni ya mpaka iliyochimbiwa. Hapa Dodoma mtu anasubiri kiwanja mpaka anaota mvi.

Aneth, mchumba wangu, hakushtuka. Kanikumbusha kwamba kiwanja chetu cha Miyuji kinatimiza miaka mitatu tangu tugawiwe Ijumaa ijayo. Bila msingi, serikali inakichukua na kumpa mwingine. Na baba yake, Mzee Mazengo, kaapa hapokei washenga wa mtu asiye na msingi. Nimemwambia atulie. Msingi ni kazi ndogo.

Jumapili, 18 Aprili

Nimefungua ofisi! Siku hizi soko huria, kila mtu anafungua kitu. Mawe niliyonunua kwa msingi wa Miyuji nimeyapanga yakawa jukwaa mbele ya nyumba niliyopanga, nikayashikisha kwa saruji yote. Juu yake meza. Nagawa viwanja vya sayari! Watu walijaa wakitoka kanisani. Raha iliyoje!

Jirani yangu Abdulrahim, mfanyabiashara wa Kondoa, akauliza kama huko kuna maji. Basi wote wakaanza: maji, maji. Watu wa Dodoma bwana! Unampa mtu sayari, anauliza bomba. Nikajibu yapo, yanazidi ya bwawa la Mtera. Abdulrahim akaondoka anacheka. Wivu tu.

Jumanne, 20 Aprili

Mzee Mazengo kaja mwenyewe! Shikamoo, kiti, chai. Nikamsifia sayari ya kwanza: imeikaribia mno nyota yake, mwaka wake hautimizi siku tano. Mwaka mpya kila wiki! Waombaji wakapiga makofi.

Mzee akafikiri kidogo. Akauliza kama masharti ni yale yale, kujenga ndani ya miaka mitatu. Nikasema ndiyo, mimi mtu wa sheria.

"Basi mwanangu Tumsifu, kwa miaka ya huko hizo ni wiki mbili," akasema. "Lori la mchanga halijafika, umeshanyang'anywa."

Foleni yote ikatawanyika. Abdulrahim alicheka mpaka akashika ukuta. Nimekasirika kweli.

Ijumaa, 23 Aprili

Siku ya Miyuji! Nimeshika sururu kung'oa mawe ya jukwaa niyapeleke. Hayang'oki. Kumbe najua kujenga! Mpini umevunjika, nikakimbia Miyuji mikono mitupu. Wakaguzi walishapita. Walikuta nyasi na mbuzi.

Jumatatu, 26 Aprili

Kiwanja kimekwenda kwa aliyekuwa akifuata kwa zamu: Abdulrahim. Ameshachimba msingi.

Aneth alipita jioni, hakutaka kukaa. Alisema baba yake amefunga mlango mpaka nipate kiwanja kingine.

"Tumsifu, mimi nilitaka chumba kimoja tu," akasema. "Chini ya jua hili hili."

Imeniuma. Nampenda yule dada. Nimekaa jukwaani peke yangu, machozi yananitoka, najiuliza nilikosea wapi.

Nimepaona! Nilikosea sayari! Ile ya tatu iko mbali na nyota yake, mwaka wake mmoja unakaribia mitatu na nusu ya kwetu. Muda wa kujenga huko unapita miaka kumi! Hakuna wa kunikimbiza. Nimeshamgawia Aneth kiwanja cha kona. Kesho asubuhi natuma washenga.