Gari Lililomwinamia Mkurugenzi

Ofisi ya Ukaguzi wa Magari ya Mkoa wa Karasugawa inayo furaha kubwa kuwatangazia wananchi kwamba, kuanzia mwezi wa nne, magari yote yataanza kuwa na adabu.

Tangazo hilo lilibandikwa getini Jumatatu asubuhi likiwa na mihuri sita, na kila muhuri umegongwa umelala upande kidogo, ukiuinamia muhuri wa bosi ulio kushoto kwake. Ofisi ambayo hata mihuri yake inajua kuinama haikuwa na sababu ya kuyaachia magari yasimame tu wima kama nguzo za umeme.

Mwandishi wa tangazo alikuwa Bwana Murakoshi, Naibu Mkuu wa ofisi. Yeye ndiye mtunzaji wa kibao cha sentimita tisa, kipande cha mti anachokiviringisha kwenye kitambaa cha hariri kama mtoto mchanga. Kibao kikipita chini ya gari lako, nenda salama. Kikigusa, umeshindwa, rudi nyumbani kwa treni. Mkuu wa ofisi alikuwa anastaafu mwisho wa mwezi, na Murakoshi alikitaka kile kiti mpaka usingizi ukamhama. Alikuwa ameshakikalia mara kadhaa kwa majaribio, wakati wa chakula cha mchana, mlango ukiwa umefungwa. Aliona kinamkaa vizuri.

Mpango wenyewe ulianza kwa bahati, kama mipango yote mikubwa ya serikali.

Siku chache kabla ya tangazo hilo, Bi Ritsuko, mwenye duka la dobi karibu na stesheni, alileta gari lake kukaguliwa. Lilikuwa gari la michezo la viti viwili, alilolijenga mwenyewe nyuma ya duka, kati ya suti za watu: bodi kuukuu, injini iliyotoka kwenye gari jingine kabisa, mabomba ya chuma ya kukinga kichwa ndani yake, springi ngumu, matairi mapana, na pua iliyoshuka mpaka unadhani linanusa lami. Siku za kazi lilipeleka nguo zilizopigwa pasi. Jumapili alitaka likale kona kwenye uwanja wa mbio wa Tengumori, kule mlimani, liende kwa miguu yake na lirudi kwa miguu yake.

"Mama, gari hili ni la barabarani au la uwanjani?" Murakoshi aliuliza.

"La kote kote."

"Gari haliwezi kuwa na nia mbili. Likiwa barabarani litakuwa linawaza uwanja."

"Na wewe ukiwa kazini unawaza nini, Bwana Naibu?"

Murakoshi, ambaye macho yake yalikuwa kwenye mlango wa Mkuu, alisema anawaza kazi. Kisha akapiga magoti, akakifungua kibao, akakisukuma chini ya bampa. Kikagoma.

"Pole, mama," alisema, kwa sauti ya mtu asiye na pole hata kidogo.

Hapo ndipo alipoingia Mkurugenzi Hanyuda kutoka wizarani, mapema kuliko alivyotarajiwa, kama wanavyofanya wakubwa wanaotaka kukuta watu wanasinzia. Akasimama mbele ya lile gari. Pua chini, makalio juu. Akalitazama. Halafu, mbele ya watumishi wote, Mkurugenzi akaliinamia. Si kwamba aliamua. Kwa mtu aliyeishi maisha yake yote ofisini, kitu kikiinama mbele yake shingo inajiendea yenyewe.

"Katika uwanja huu wote," alisema, "ndilo pekee lililolelewa."

Mwingine angeduwaa. Murakoshi hakuduwaa.

"Ni mpango wetu, Mheshimiwa. Unyenyekevu wa Vyombo vya Moto. Bado uko kwenye majaribio."

Ritsuko akafungua mdomo.

"Na huyu mama," Murakoshi aliwahi, "ndiye mshauri wetu wa kiufundi."

Ritsuko akaufunga mdomo. Mshauri hawezi kunyang'anywa gari.

Mwongozo ulitoka wiki hiyo hiyo. Gari la kila mtumishi lingeshushwa kulingana na cheo cha mwenyewe: la Naibu chini kidogo ya la Mkuu, la mhasibu chini ya la Naibu, na kuendelea hivyo hadi kwa wafagizi. Wananchi, kwa kuwa wako chini ya ofisi nzima, wangekuwa chini kuliko wote. Sheria ya sentimita tisa haikufutwa. Ilifafanuliwa tu kwamba inayahusu magari yenye kiburi. Fundi pekee mjini aliyejua kushusha gari bila kulivunja alikuwa mwenye duka la dobi, basi maofisa wakapanga foleni nyuma ya duka lake wakiwa wameshika kofia mkononi. Mhasibu aliacha ekzosi yake kwenye reli. Akasema ni heshima kwake.

Murakoshi alihesabu kuwa kiti kimeshakuwa chake. Ndipo wizara ikapiga simu. Mkurugenzi angekuja mwenyewe siku ya mwisho wa mwezi kumtangaza Mkuu mpya, ila alikuwa na dukuduku dogo: gari lililoinama muda wote halisalimii mtu. Hilo ni gari lenye maumivu ya mgongo. Alitaka liiname yeye anapofika.

Jioni hiyo Murakoshi alikuwa kwenye gereji ya Ritsuko, amekalia ndoo.

"Nataka kitufe," alisema. "Nikibonyeza, gari liiname. Nikibonyeza tena, lizidi kuinama. Na gari la Mkurugenzi nalo ulifungie, ni zawadi ya ofisi, ili aweze kuitikia."

"Mifuko ya hewa chini ya springi. Inawezekana. Na cheti changu?"

"Baada ya sherehe."

"Basi na kitufe baada ya sherehe."

Murakoshi akatoa muhuri mfukoni. Cheti kikaandikwa: barabarani na uwanjani. Kwa mazoea aliugonga muhuri umelala upande, na upande huo aliyekuwa amesimama ni Ritsuko.

"Swali moja," Ritsuko alisema akikunja cheti. "Mkishainama, nani anainuka kwanza?"

"Swali gani hilo, mama? Wa chini hainuki kabla ya wa juu."

"Na wa juu?"

"Wa juu mwenye malezi hainuki mwenzake akiwa bado ameinama. Ataonekana ana dharau."

"Sasa?"

"Sasa wewe funga mifuko yako. Itifaki tuachie sisi."

Siku ikafika, Jumapili yenye jua. Watumishi walijipanga pande mbili za mlango namba moja wa ukaguzi. Ndani, kiti cha Mkuu kilikuwa kimepigwa rangi. Gari jeusi la Mkurugenzi liliingia taratibu, likasimama uso kwa uso na la Murakoshi, bampa kwa bampa.

Murakoshi akabonyeza. Fsss. Gari likashuka vidole viwili. Watu wakapiga makofi.

Mkurugenzi aliguswa, akabonyeza chake. Fsss. Sasa magari yakawa sawa, jambo lisilovumilika, kwa hiyo Murakoshi akashuka tena. Mkurugenzi, ambaye hajawahi kushindwa adabu na mtu wa mkoani, naye akashuka. Fsss huku, fsss kule, hadi matumbo ya magari yote mawili yakalala kwenye saruji na hewa ikaisha.

Makofi yakaisha pia.

"Bwana Murakoshi," Mkurugenzi aliita kupitia dirishani, "inuka, tafadhali."

"Siwezi, Mheshimiwa. Tangulia."

"Hapana, hapana. Wewe."

"Nitauweka wapi uso wangu, Mheshimiwa?"

Kushuka garini kulikuwa nje ya mjadala. Ukishuka umesimama, na ukisimama umeinuka. Na Mkuu mpya hutangazwa kwa kusimama. Saa sita ikagonga, Mkuu wa zamani akastaafu, akachukua mwavuli wake akaenda zake.

Ritsuko alipita hapo na kofia ngumu ya mbio kwapani.

"Mama," Murakoshi alinong'ona, "una pampu. Inua moja, kimyakimya."

"Lipi?"

Murakoshi alifikiri mpaka jasho likamtoka.

"Au niyainue yote pamoja?" Ritsuko alimsaidia.

"Pamoja ni kulingana naye. Wataka kuniua?"

"Basi amueni. Nikirudi jioni mtaniambia."

Wakati huo mkaguzi wa zamu, mzee Kashiwabara, anayekuja kazini kwa baiskeli, alikuwa anaangalia saa. Kwenye mlango namba moja, kinachosimama hukaguliwa. Hakuwahi kuambiwa vingine. Akakichukua kibao kwenye hariri, akakisukuma chini ya gari jeusi. Hakikuingia. Akakijaribu kwa la Murakoshi. Hakikuingia. Akabandika karatasi nyekundu kwenye vioo vyote viwili.

"Wewe," Mkurugenzi alisema, "unajua mimi nipo ngazi gani?"

"Ndiyo, Mheshimiwa," Kashiwabara alijibu. "Sentimita sifuri."

Injini ya Ritsuko ikanguruma. Gari lake likapita polepole mbele ya yale mawili likielekea mlimani, na kama kawaida yake, pua ilikuwa chini. Mkurugenzi aliliona limeinama. Shingo ikajiendea, na kidole nacho. Murakoshi asingeweza kubaki nyuma. Wote wawili wakabonyeza, wakabonyeza tena, lakini chini ya pale hapakuwa na mahali pengine pa kwenda.

Saa tisa tangazo jipya lilibandikwa getini:

"Mlango namba moja umefungwa kwa muda kwa sababu ya adabu. Wenye haraka watumie namba mbili. Kashiwabara, Kaimu Mkuu."

Alikaimu kwa sababu ndiye ofisa pekee aliyepatikana akiwa amesimama. Muhuri wake ulikuwa mmoja tu, na ulikuwa wima.