Verna Alivyotaja Ratili Zake Mbele ya Orville

Nyamazeni, enyi mlioketi na mnaotafuta pa kuketi! Mwenye sufuria mekoni na apunguze moto, maana kisa hiki hakisimuliwi mbiombio. Nawaletea habari za Verna wa mji wa Sheboygan, Malkia wa Sauti ya Pili, aliyepanda mizani mbele ya mumewe asitetereke. Nilikuwapo. Nilipeleka pai ya matofaa, nikakaribishwa kiti, na macho haya yakaona.

Jueni kwanza kwamba goti la kushoto la Verna lilikuwa limeasi. Ngazi za roshani ya kwaya ziligeuka ngome isiyopandika, naye, sauti ile yote, akawa anaimbia chini miongoni mwa wanaume wanaosinzia. Mpasuaji wa magoti akatoa hukumu: apungue mwili kwanza, ndipo kisu kitoke alani. Basi shujaa akawageukia madaktari wa mtandaoni, wale wanaokutazama kwenye kioo, na wakiridhika hukuletea sindano ya kupunguza mwili mlangoni, ndani ya sanduku la barafu.

Akajibu maswali yao kwa kidole kimoja. Walipouliza uzito, kidole kile, kwa mazoea ya tangu ujana, kikaandika ulioko kwenye leseni yake ya udereva: ratili mia na arobaini na tano. Papo hapo jibu likashuka kama radi: "Hongera! Uzito wako ni wa afya. Huhitaji dawa."

"Nimepewa hongera, jirani," akaniambia, rangi imemtoka. "Hongera ya kunizika!"

Ikabaki njia moja: apande mizani huku daktari akimwona. Goti halikumruhusu kuinama asome, nami miwani nilikuwa nimeisahau nyumbani. Ndipo akaitwa Orville, Sultani wa Kiti cha Kuegemea, mumewe, ambaye miaka yote hiyo alikuwa akiapiwa kwamba uzito wa mkewe ni mia na arobaini na tano.

Orville akaja jikoni na kishikwambi mkononi, na dole gumba lenye siagi. Verna akavua viatu, akavua na saa, akavuta pumzi kama mpiga mbizi, akapanda. Mizani ikaguna.

"Picha ina ukungu," akasema daktari, mwanamke kijana mwenye sauti ya upole. "Nisomeeni namba."

Orville akainama. Akaitazama namba, akamtazama mkewe. Kisha akanyooka kama askari anayekula kiapo:

"Mia na arobaini na tano."

 

"Basi, mama, siwezi kukuandikia dawa," akasema daktari.

"Orville! Unasoma nini wewe?"

"Kilichoko kwenye leseni yako. Mimi simuumbui mke wangu mbele ya watu."

"Mzee wangu, leo niumbue!"

"Sithubutu."

Ndipo Malkia wa Sauti ya Pili akainua kidevu, akapaza sauti iliyotikisa vikombe: "Daktari, sikia! Jirani naye asikie, na mbwa wa jirani asikie! Ratili mia mbili thelathini na nane, na viatu nimevua! Orville, futa siagi kwenye hicho kijicho cha kamera aone mwenyewe!"

Orville akafuta kwa pindo la shati. Daktari akaona. Akauliza habari za nyongo, akauliza za koo na za ukoo, akaridhika. "Nakuandikia, mama. Anza kidogo kidogo."

Kioo kilipozimika, Orville alibaki amesimama, masikio mekundu.

"Verna, leseni yangu inasema mimi ni futi sita."

"Najua, mzee."

"Basi si futi sita."

"Nani anakukatia suruali, Orville? Najua."

Sanduku lilipofika, barafu ingali ngumu, Verna alilipokea kibarazani kama funguo za mji uliotekwa, akaiweka sindano jokofuni kati ya soseji na kabichi chachu. Goti bado lilimuuma. Ngazi za roshani zilikuwa pale pale. Lakini alipofunga mlango wa jokofu alianza kuimba sauti ya pili, na Orville, kutoka kitini, akaitikia ya kwanza, akakosea.

Wafalme wameteka miji wamevaa chuma. Verna wa Sheboygan aliteka jiko lake amevaa soksi. Atakayewahadithia wajukuu asipunguze ratili hata moja.