Programu Iliyomhesabia Marehemu Makosa

Karakana ya Fundi Pasikali,
Kasulu.

Mkwe wangu mheshimiwa, Baba Gentille,

Natumaini barua hii itakukuta huko Kibondo ukiwa mzima, pamoja na mwanangu na mjukuu wangu. Huku afya ipo, ila mimi nina hasira. Kwa heshima ya ukwe siwezi kukaa mbele yako nikakugombeza, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Ulituambia kompyuta ya zamani imechoka, na programu aliyochorea marehemu baba mkwe wako haikubali kuingia kwenye mpya. Basi ukahamishia kwenye programu nyingine michoro yake yote ya saketi za mashine za kutotoleshea vifaranga. Nilikubali, maana hata mimi nimewahi kuhama nyumba. Lakini anayehama hufika na vyombo vyake. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kuku. Marehemu alichora kuku kwenye pembe ya kila saketi, iwe alama yetu. Baada ya kuhamishwa, kuku amekuwa kijisanduku cheusi. Mama Asia, mteja wetu wa Nyakitonto, aliitazama picha ya mchoro mpya akaniuliza, "Mama, kuku wenu mmemuuza?"

2. Jina. "Fundi Pasikali" lilikuwa limesimama vizuri pembeni. Sasa limelala chali, miguu juu. Mtu tumemzika kwa heshima zote, leo programu inamlaza hivyo bila hata kupiga hodi.

3. Makosa. Kwenye picha uliyonitumia, programu ilipoufungua mchoro tu iliandika kwa rangi nyekundu kwamba una makosa thelathini na moja. Kwetu marehemu hasemwi vibaya. Hata kaka zake waliogombania shamba siku ya matanga hawakufikisha matano, na wao walimjua tangu utotoni.

4. Kosa la saba. Hili ndilo lililonichoma. Eti mistari miwili ya shaba, wa taa ya joto na wa swichi yake, imegusana, kwa hiyo taa haitazimika kamwe. Mkwe wangu, mashine zetu zinatotoa kuanzia Mabamba mpaka Kagerankanda. Kama taa zisingezimika, akina mama wangekuwa wanauza mayai ya kuchemsha. Na kama mistari hiyo imegusana, basi imegusana kwa mapenzi, na mwenyewe alikusudia.

Kwa hiyo naomba michoro irudishwe ilikotoka. Programu hiyo nayo ije kuomba radhi kaburini, na mtungi wa pombe ya ndizi. Najua haina wazazi. Wewe uliyeileta nyumbani ndiye mshenga wake, mtungi utaubeba wewe. Mpaka hapo pasi nimeizima, na hakuna karatasi ya mchoro itakayopigwa pasi juu ya kibao cha shaba, mistari yake ihamie humo, katika karakana hii. Akina mama wa Nyakitonto wana mayai yao tayari, wananisubiri mimi. Watanielewa. Mkono wa mume wangu umebaki kwenye michoro hiyo tu, na sitaki ushikwe na kila mtu.

Nisalimie mwanangu, mwambie asiache kuvaa sweta. Msalimie Gentille, na jirani yenu Athuman, na yeyote atakayekusaidia kuisoma barua hii bila kucheka.

Ni mimi mama mkwe wako, kwa heshima na uchungu,
Apoline, mjane wa Pasikali.

Nyongeza: Barua nilishaifunga, nimeifungua tena. Usirudishe kitu. Kosa la saba ni la kweli. Nililijua tangu saketi ya kwanza kabisa, taa ilipokataa kuzima na mayai ya kujaribia yakaiva. Marehemu akalaumu umeme. Tangu hapo, kila alipotoka kwenda kunawa mikono, nilichukua wembe nikakata pale mistari ilipogusana, nikairudisha saketi mezani kama alivyoiacha. Alikufa akiamini anachora bila kosa. Sahihisha hayo mengine yote, na umrudishie kuku wake. La saba liache lilivyo, nitalikata mwenyewe. Wembe bado ninao.