Chumba cha Doa

Jumapili, tarehe 3 Machi

Malkia, mbwa wetu, amezaa. Jana, saa za kazi, mbele ya wateja, chini ya draya ya mwisho kule kwenye kona, juu ya taulo ambazo Mama alikuwa amezifua asubuhi hiyohiyo. Watoto watano. Mama akasema hii ni saluni, si wodi, lakini hakuthubutu kumhamisha. Mteja aliyekuwa chini ya draya hiyo aliinua miguu tu, akaendelea na gazeti lake.

Ila si hilo lililonifanya nishike kalamu. Yule wa Jumamosi amesema neno.

Yule wa Jumamosi huja na shangazi yake kila wiki. Shangazi anasetiwa nywele, yeye anasubiri kwenye kiti cha plastiki. Mimi hufagia. Nimefagia mbele ya kile kiti mwaka mzima, na hapo ndipo mahali safi kuliko pote katika jengo hili. Sijawahi kumwambia kitu. Shuleni tunasoma kwa Kiingereza, nyumbani tunaongea Kiswahili, na mimi ni bubu katika lugha zote mbili.

Jana akachuchumaa, akawatazama watoto wa mbwa, akasema yule mwenye doa jichoni mzuri jamani, laiti angekuwa wake. Alisema kwa wote. Lakini alikuwa akinitazama mimi kwenye kioo. Au alikuwa akitazama nywele zake. Ukiwa saluni ni vigumu kujua.

Mpango: Jumamosi ijayo nampa Doa. Hakuna haja ya kusema lolote. Nanyoosha mikono, mbwa anamaliza kazi.

Redio asijue. Redio ni binamu yangu, mtoto wa mjomba, tunalala kitanda kimoja. Tunamwita Redio kwa sababu hana kitufe cha kuzimia.

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Mmoja amekufa. Si Doa. Yule wa kahawia. Tangu jana alikuwa akilia peke yake, na kila akinyonya maziwa yalimtokea puani. Asubuhi nilipoenda kuwatazama alikuwa kimya, mwepesi kama soksi.

Tulimzika nyuma ya tangi la maji, mimi na Redio. Redio akatoa hotuba. Ilikuwa nzuri, na hilo liliniuma. Mimi pia nilikuwa na la kusema. Nililisema baadaye, njiani kuelekea shule, nikiwa peke yangu.

Darasani sikusikia kitu. Niliwaza: kiumbe ana mama, ana maziwa, ana taulo, kwa nini afe? Mpaka kipindi cha mwisho nilikuwa nimepata jibu. Msongamano. Wale watoto wanalaliana kama nguo kwenye beseni. Huyu kamkanyaga yule, yule kampumulia huyu. Nayajua mateso hayo. Kila usiku kiwiko cha Redio kinaingia mbavuni mwangu, na juu ya hayo ananisimulia mpira niliouona mwenyewe. Mtu akiniambia nichague kati ya chakula na chumba cha peke yangu, nitakufa njaa kwa raha zangu.

Basi nimemjengea Doa chumba. Boksi la shampuu. Gazeti jipya sakafuni. Dirisha nimekata kwa wembe. Rola moja ya nywele kama mto. Nimemweka stoo, juu ya vigae, chini ya dirisha linaloingiza hewa safi ya mvua.

Ana siku mbili duniani na tayari ana chumba chake. Mimi nina miaka kumi na mitano.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Mafanikio makubwa. Wenzake kule kwenye kona wanapiga kelele na kupigania chuchu. Doa ametulia tuli. Halii, hahangaiki. Tabia njema kabisa. Anafaa kupewa mtu mstaarabu.

Nampeleka kunyonya kabla ya shule na baada ya shule. Tatizo ni Malkia. Leo alimnusa, akamsukuma kwa pua mpaka nje ya taulo, kama mtu anayerudisha chenji ya bandia. Nikamrudisha. Akamsukuma tena. Nimeelewa. Wivu. Hapendi kuona mtoto anaendelea.

Mama aliuliza mbona anaona watatu tu. Nikamwambia wa nne amejificha chini ya mama yake. Uongo. Nauandika hapa kwa kuwa sina mahali pengine pa kuusemea.

Mwalimu wa biolojia aliuliza swali nililojua jibu lake. Nikatazama kiatu changu. Akajibu mwingine, akakosea, akapigiwa makofi kwa kujaribu.

Jumatano, tarehe 6 Machi

Doa hanyonyi. Nimemweka kwenye chuchu, mdomo unafunguka kidogo halafu anaachia, kama mzee aliyesinzia na kijiko mdomoni.

Kuna mkono wa mtu hapa. Kwanza nilishuku spreyi ya nywele, lakini wenzake wanaivuta mchana kutwa na wanazidi kunenepa. Kisha nikamshuku Redio. Ushahidi: amepaka jeli ya Mama. Jumatano. Hakuna mtu anayepaka jeli Jumatano bila nia. Nilimuuliza, kwa ukali wangu wote, anajipamba kwa ajili ya nani. Akasema kwa ajili ya watu wote, yeye habagui. Halafu akaniuliza mbona nanuka maziwa.

Nilinuka maziwa kwa sababu nilimpa Doa ya ng'ombe, yenye sukari, kwa kichupa cha mafuta ya nywele nilichokiosha vizuri. Alimeza kidogo. Baada ya muda yakatoka upande wa pili kama maji. Nikasema hewa ya stoo ni nzito, ndiyo maana. Nimemwekea feni ndogo ya Mama, ile ya kukaushia kucha.

Nje mvua haikatiki. Nimevaa sweta mbili.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Leo lazima niandike.

Nilirudi kutoka shule nikakuta Doa amelala ubavu, miguu imenyooka, anapumua pale anapokumbuka. Nilimshika. Hakunishika. Mtoto wa mbwa mzima ukimshika anakusukuma, anakutafuta kwa pua. Huyu alikuwa ananilalia tu kiganjani. Nikamkumbuka wa kahawia nyuma ya tangi.

Saluni ilijaa. Chini ya draya ya pili, kichwa kizima rola, alikaa daktari wa mifugo. Namfahamu tangu utoto, alimtibu Malkia mguu. Nikasogea. Nikamwita kwa sauti yangu ya kawaida, ambayo hata mimi siisikii vizuri. Draya ikanguruma. Nikaongeza. Akatabasamu na kusema hapana asante, chai ameshakunywa. Basi nikavuta pumzi, nikapiga ukelele ambao sikujua ninao, kwamba Daktari, mtoto wa mbwa anakufa na ni mimi nimekuwa namtunza.

Draya ilikuwa imezima katikati ya sentensi.

Wanawake wote wakageuka, na wale ambao hawakugeuka walinitazama kwenye vioo. Mama alibaki na kitana hewani. Nilitamani ardhi inimeze, lakini Doa alikuwa mkononi, nikabaki.

Daktari hakushangaa. Akaniambia nimtie Doa kidole mdomoni, taratibu. Nikatia. Baridi. Baridi kama kijiko kilicholala nje. Akauliza analala wapi. Nikasema stoo. Na nani? Peke yake. Juu ya nini? Gazeti. Nikataja vigae. Nikataja dirisha. Niliitaja feni mwisho, kwa sauti ndogo, na msusi wa pili, anayemsaidia Mama, akasema feni, mwanangu, kwa mvua hii?

Daktari akaniambia nifungue shati.

Nilidhani nimesikia vibaya. Akarudia: shati, fungua, mwili kwa mwili, polepole, moto wa ghafla nao unaua. Nikafungua vifungo vitatu mbele ya kadamnasi. Mteja mmoja akasema mbavu hizi mtu anaweza kupiga marimba. Mwingine akasema mwacheni mume wangu, atanenepa akinioa. Doa aliingia kifuani kama kipande cha barafu. Nikakaa. Sikuweza kukimbia, maana nikisimama angeanguka.

Ndipo daktari, rola zikiwa zinatikisika, akanipa somo ambalo sikuwahi kulipata kwa lugha yoyote. Mtoto wa mbwa mchanga hana moto wake mwenyewe. Anaazima wa mama na wa ndugu zake, ndiyo maana wanalaliana. Akipoa, tumbo nalo linalala, na maziwa ukimpa yanakaa tu au yanamharisha, na hasa ya ng'ombe. Akipoa, mama naye anamtenga, anaona huyu ameshakwenda. Kutulia kwake si tabia njema. Ni kuishiwa. Na wapo wanaokufa kwa mengine, kwa kukosa maziwa ya kwanza, kwa vijidudu, kwa kuzaliwa na kasoro.

Nikakusanya nguvu nikamuuliza kuhusu yule wa kahawia. Aliniuliza kama maziwa yalimtoka puani. Nikasema ndiyo. Akasema inaelekea alizaliwa na tundu kwenye kaakaa, huyo si wewe.

Nikainamisha kichwa nijifanye namtazama Doa. Msusi wa pili akanipa taulo.

Baadaye kidogo kitu kikanisukuma kifuani. Kidogo sana. Halafu kikaanza kutafuta. Halafu kikanikojolea. Daktari akasema sasa ndiyo umpeleke kwa mama yake. Malkia akamnusa. Tukangoja, saluni nzima, hata aliyekuwa anaoshwa nywele aliinua kichwa, maji yakimchirizika. Malkia akamlamba. Doa akanyonya.

Nilikaa na wanawake wale mpaka shati likakauka. Waliniuliza maswali na nikayajibu. Sijui ilikuwaje.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Doa yu hai. Yuko katikati ya wenzake, kalaliwa na wawili, na anaonekana kuridhika, jambo ambalo silielewi. Mama amening'iniza pazia pale kwenye kona upepo usipite. Kuhusu uongo wa Jumanne amesema tutazungumza. Hilo ni baya zaidi kuliko kuzungumza.

Pigo: daktari amesema mtoto wa mbwa haachani na mama yake mpaka apate kama miezi miwili. Miwili! Mpango wote umevunjika. Sasa kesho itabidi nimwambie yule wa Jumamosi kitu kwa mdomo wangu. Nimeandika hotuba mbili, moja kwa kila lugha, ili ikikwama hii nishike ile. Redio alizikuta chini ya mto. Amesema ya Kiswahili ina machozi mengi na ya Kiingereza inafanana na barua ya kuomba kazi.

Jumamosi, tarehe 9 Machi

Walikuja. Nilianza kufagia kabla hawajakaa.

Redio akaniwahi. Akiwa na jeli yake alisimama katikati ya saluni akasimulia jinsi "sisi" tulivyomwokoa Doa, jinsi "tulivyokesha", jinsi "tulivyomwambia" daktari. Nikaangalia ufagio. Hotuba zote mbili zilikuwa mfukoni na hakuna iliyokuja.

Shangazi, akiwa amefungwa taulo kichwani, akasema yeye kasikia vingine. Kasikia kuna mtu kapiga kelele hadi draya ikazima.

Yule wa Jumamosi akageuka. Si kwenye kioo. Akaniuliza eti ni kweli nilivua shati mbele ya watu wote.

Nikasema, "Vifungo vitatu tu."

Hayo ndiyo maneno yangu ya kwanza kwake maishani. Akacheka mpaka akashika kiti. Redio alikosa la kusema. Naandika tena kwa sababu haitatokea tena: Redio alikosa la kusema.

Yule wa Jumamosi akachuchumaa kwa Malkia, akaomba amshike Doa, kidogo tu. Hii ndiyo saa niliyoipanga tangu Jumapili. Mikono yake ilikuwa imeshanyooka. Ilikuwa imelowa mvua. Nikasikia mtu anasema hapana, mwache kwanza, mikono yako ina baridi, na huyu akipoa anakwisha. Mtu huyo alikuwa mimi. Nilidhani atakasirika. Akaipangusa mikono kwenye sketi, akaificha kwapani ipate moto, akakaa sakafuni kungoja. Nikakaa naye. Doa alilala chini ya shingo ya ndugu yake, mdomo wazi.

Wakati wa kuondoka akasema atakuja kila Jumamosi kumwona mpaka miezi miwili iishe. Huwa anakuja kila Jumamosi. Lakini safari hii alinitangazia.

Jumapili, tarehe 10 Machi

Nimesahau kuandika jambo muhimu kuliko yote. Alipofika mlangoni alisema paka wao ana mimba, atazaa wiki hii, na anaogopa kwa kuwa hajui kutunza vitoto. Nikamwambia mimi ninao ujuzi.

Nimewaza sana. Daktari alizungumzia mbwa. Paka hakumtaja hata mara moja. Na paka, kila mtu anajua, ni mnyama anayependa kukaa peke yake, kama mimi. Kosa langu wiki iliyopita lilikuwa moja tu: boksi lilikuwa dogo.

Mama amenipa maboksi matano makubwa ya dawa ya nywele bila kuuliza ya nini. Nimeshakata manne. Kila mtoto na chumba chake, mlango wake, rola yake. Redio anauliza kwa nini kila boksi lina madirisha mawili.

Ili hewa ipite, nimemwambia. Watu wengine hawaelewi.